Amina ya Kona ya Tano

Torino, 3 Agosti 1912

Kwa Bwana Secondo Gattiglia,
Nyumba ya wageni ya Mama Domitilla, Molaretto

Bwana Secondo mpendwa,

Gari limetoka karakanani leo saa nne asubuhi. Hii si ile chesi tupu, fremu na injini bila bodi, uliyoipandisha mlimani mwezi Juni, ukiwa umeketi juu ya sanduku na magunia ya mchanga yakikusukuma mgongoni. Sasa limevikwa. Lina milango minne, vioo vinavyoteremka bila kukwama, sakafu ya mbao za mjozi iliyong'arishwa hata unaweza kunyolea ndevu mbele yake, na viti alivyovishona binti yako Tersilla. Yeye mwenyewe atakuja nalo, akae huko wiki chache na kuona jinsi ngozi inavyostahimili kona. Nimeagiza pia sakafu ishushwe vidole viwili, ili bibi wa miaka themanini na minne aweze kupanda bila kuinuliwa.

Bibi huyo ndiye roho ya shauri letu. Binti yake, Bi Ottavia Soldati, mjane mwenye kiwanda cha hariri, atapanda mlima wa Moncenisio ndani ya gari hili tarehe 14 Septemba, pamoja na mama yake. Mama husali rozari njia nzima kwa sauti ya chini, na binti humwitikia. Bi Ottavia alimwambia Kavaliere Ostorero, bwana wa karakana yetu, mbele yangu: "Gari litakalonilazimisha kumpigia mama yangu kelele, silitaki hata bure." Akilikubali, Kavaliere atajenga magari kumi na mawili yenye gia nilizozichora mimi. Akilikataa, chumba cha michoro kitafungwa, gia zitanunuliwa nje, nami nitarudi kuchora pampu za visima.

Kavaliere ameamuru pia kwamba wajaribu magari wote waliovuka miaka hamsini wahamishiwe langoni kuwa mabawabu. Wewe peke yako umeachwa barabarani, kwa sababu ya masikio yako. Nilimwambia kwamba yanasikia jino la gia likiumwa kabla jino lenyewe halijajua.

Basi mlifanye jaribio la Amina kama desturi yetu ilivyo, bila kupunguza kitu: kona ya tano ya Ngazi, zile kona kali za kupandia mlima, gia ya pili, aliye kiti cha nyuma anong'one Baba Yetu kwa mwendo wa kanisani, nawe uitikie Amina mahali pake bila kugeuza kichwa. Wageni hucheka wakiona safu ya "Amina" katika daftari letu. Na wacheke. Gari ambalo dereva hasikii sala ndani yake halitoki kwenye nyumba hii.

Wako mwaminifu,
Mhandisi Ludovico Peyretti

*

Molaretto, 9 Agosti 1912

Bwana Mhandisi,

Nimeendesha farasi katika mlima huu miaka kumi na minane na injini miaka tisa, na nilidhani mlima na mimi tumekwisha kuambiana yote. Sivyo. Jumanne asubuhi, umande ukiwa bado barabarani, nimelipandisha gari lako kutoka Susa hadi nyanda za juu kwa dakika sitini na nane, wala sikusimama kutia tone la maji katika rejeta. Walinzi wa barabara walitoka katika nyumba zao za hifadhi, mmoja baada ya mwingine, kofia mkononi. Mmoja wao, mzee aliyekuwa akiniuzia shayiri ya farasi, aliligusa bawa la gurudumu kwa kidole kama mtu anayegusa mkate kuona kama umeiva.

Nakupa habari kwa mpangilio. Breki za nyuma zilinuka tulipokuwa tukishuka, nami nikasimama mara mbili kivulini ili zipoe. Bitana zibadilishwe, ziwe nene zaidi. Usukani ni mzito katika kona ya pili, mwepesi kuanzia ya tatu, jambo linaloonyesha kwamba grisi haikuwa imefika kote. Klachi inashika kwa upole wa mama anayembeba mtoto aliyelala. Springi za mbele ningezipunguzia jani moja.

Kuhusu gia zako, nitasema neno moja tu: sikusikia kelele yoyote. Tumefanya jaribio la Amina mara tatu. Tersilla alinong'ona, nami nikaitikia mahali pake mara zote tatu. Ameliandika daftarini kwa mkono wake.

Mlima umevaa majani mabichi, Bwana Mhandisi, na mimi ni kama kijana. Niachie gari hili mpaka siku ya mgeni.

Secondo Gattiglia

*

Torino, 12 Agosti 1912

Bwana Secondo,

Barua yako nimeisoma kwa sauti katika chumba cha michoro, nikiwa nimesimama juu ya kiti. "Sikusikia kelele yoyote!" Vijana walipiga rula zao mezani hadi Kavaliere akatuma mtu kuuliza kama dari limeanguka. Ulijua maneno hayo yatanifanya nini, nawe ukayaandika kana kwamba unaagiza boliti.

Miaka minne nimeyachonga meno yale kwa mshazari, nikichekwa na kila mtu. Sasa sisubiri tena. Leo nimeagiza chuma cha seti kumi na mbili kikatwe na kuchomwa, ili Bi Ottavia akitia saini tuwe tumekwisha kuanza. Bitana mpya za breki zinakuja kwa treni ya Alhamisi.

Naomba unijibu jambo moja: ukishuka kwa gia ya tatu ukiiacha injini ilizuie gari, je, sauti inabadilika? Hapo ndipo nina hofu kidogo. Na Tersilla aniandikie habari za viti.

Ludovico Peyretti

*

Molaretto, 17 Agosti 1912

Bwana Mhandisi,

Baba ameniomba nijibu mimi, kwa kuwa mikono yake ina grisi. Anasema katika kushuka hakuna mabadiliko ya sauti.

Viti vimekaa vizuri. Katika kona za kushoto abiria huteleza kidogo kuelekea mlangoni, kwa hiyo nimeongeza manyoya ya farasi ukingoni na kushona mshono wa pili. Kamba ya kujishikia niliishusha, maana bibi wa umri ule hawezi kuinua mkono juu ya bega. Vioo havitikisiki.

Naomba uniwie radhi kwa kusema lisilo la kazi yangu. Nimekulia karakanani, na nimewasikia mafundi wakisema kwamba gia mpya hazina budi kutembea kilomita mia nane kabla hazijatulia na kuonyesha tabia yake ya kweli. Hili letu limetembea mia tatu tu. Je, si busara kungoja kidogo kabla ya kukichoma chuma cha zile seti nyingine? Nasema tu.

Kwa heshima,
Tersilla Gattiglia

*

Torino, 20 Agosti 1912

Bi Tersilla,

Umechelewa, mwanangu. Chuma kiko tanuruni, na mimi sina tena subira ya kuuzwa wala kukopeshwa. Kilomita mia nane ni kwa gia za watu wengine. Zangu zimezaliwa zikiwa na adabu.

Nitapanda treni Jumamosi, na Jumapili tarehe 25, baada ya misa, mimi mwenyewe nitaketi kiti cha nyuma na kunong'ona. Mwambie baba yako asinihurumie. Sijasali tangu nilipoacha shule ya mapadri, lakini Baba Yetu ningali naikumbuka.

L. P.

*

Susa, Hoteli ya Stesheni, 26 Agosti 1912

Bwana Secondo,

Jana niliondoka Molaretto bila kukuaga, na si tabia yangu. Naandika kwa sababu nilipojaribu kusema, ulimi ulikataa, na sasa nafahamu kwamba hata ungekubali maneno yangu yasingekufikia.

Nitaeleza yaliyotokea kama mimi nilivyoyaona, ili ujue ninachokijua. Tulipoingia kona ya tano ulitia gia ya pili, nami nikaanza kunong'ona. Nilipofika "utakalo lifanyike", chini ya miguu yangu pakatoka mlio ambao sijapata kuusikia katika gari lolote: mbwa mwitu ndani ya pipa. Ukaingia katika mbavu za milango na kujaa chumba kizima. Nilinyamaza. Sikuendelea na neno moja la sala ile. Nilikuwa nimeshika magoti yangu mwenyewe. Wewe ukaendelea kuendesha, shingo imenyooka, mkono umetulia. Tukalipita jiwe jeupe la kando ya barabara, lile la kuhesabia mita mia. Ndipo ukasema, kwa sauti ya mtu mwenye amani, "Amina."

Nilimtazama Tersilla pembeni yangu. Alikuwa akilia bila kujifuta.

Kumbe ulikuwa ukihesabu mawe. Sala ya binti yako ina urefu wa mita mia moja, nawe umeitikia jiwe.

Tangu lini, Bwana Secondo? Nilikusifu mbele ya Kavaliere. Nilisimama juu ya kiti. Seti kumi na mbili za gia zangu zimekwisha kuchomwa, na sasa zote ni vyuma chakavu, maana hakuna muda wa kukata nyingine kabla ya tarehe 14. Nina uchungu kwa ajili ya gia, lakini hilo litapita. Nina uchungu zaidi kwa kuwa ulinificha mimi, ambaye ningekuwa wa mwisho kukupeleka langoni.

Jumanne ya tarehe 3 nitakwenda kwa Kavaliere na kumwambia yote. Ikiwa una neno, liandike kabla ya siku hiyo.

Ludovico Peyretti

*

Molaretto, 29 Agosti 1912

Bwana Mhandisi,

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwangu kimekuja kifo cha jina, na ninakiri mbele yako kwamba nimestahili.

Umeuliza tangu lini. Ni majira mawili ya baridi sasa. Kwanza waliondoka nyenje wa kiangazi. Nilidhani mwaka huo hawakuja. Kisha ikaondoka kengele ya kanisa la Novalesa, halafu sauti za wanawake, na mwisho sauti ya binti yangu asiponitazama usoni. Miaka tisa ya kuketi nyuma ya injini zisizo na bomba la kuzuia kelele haipiti bure. Sikukuambia kwa sababu jaribio la Amina ndilo lililokuwa mkate wangu na heshima yangu, na kila mwezi nilijiambia kwamba mwezi ujao nitasema. Miguu yangu ilinionya, Bwana Mhandisi. Tangu siku ile ya kwanza iliutambua mtetemo usiokuwapo mwezi Juni. Niliinyamazisha miguu yangu ili niendelee kuitwa masikio.

Hapo nilikuwa nimekusudia kutia saini na kuifunga barua. Lakini niliisoma tena barua yako, nikafika kwenye maneno "vyuma chakavu", na hasira ikanishika. Si hasira juu yako. Nilikumbuka kwamba mwezi Juni, pamoja na chesi tupu, miguu ilikuwa imetulia. Gia ni zile zile. Basi iweje gia zilizokuwa na adabu mwezi Juni ziwe mbwa mwitu mwezi Agosti?

Unaijua fimbo ya kusikilizia, ile ambayo kila fundi huiweka ncha moja kwenye chuma na ncha nyingine sikioni. Sikio langu ni mlango uliofungwa. Nikaiuma kwa meno, ili mtetemo upite mfupani. Tersilla aliinua magurudumu ya nyuma juu ya magogo, akawasha injini na kutia gia ya pili, nami nikalala chini ya gari na kuishikiza ncha ya fimbo kwenye sanduku la gia.

Bwana Mhandisi, ni hariri. Nimeuma sanduku lile kila upande, na sijapata kuonja gia tulivu kama hizo. Nikahamia kwenye mhimili: hariri. Kwenye bomba la moshi: mtikisiko wa kawaida. Nikaigusa sakafu ya mjozi kwa chini, na meno yangu yakataka kung'oka.

Sakafu ndiyo inayolia. Ilishushwa vidole viwili, na sasa imelikalia sanduku la gia mahali pamoja, upana wa sarafu. Mnong'ono mdogo wa gia hupanda kwenye ubao, na ubao ule, mpana, mkavu na uliong'arishwa, huufanya ngoma. Aliye juu akisikiliza kwa masikio husikia mlio kila mahali asijue unatoka wapi. Meno hayadanganywi, ukigusa hapa ni hapa.

Nimeinua ubao unene wa kidole kimoja na kuutia sufu nene iliyoshindiliwa. Sufu hiyo nimeitoa katika pedi ya shingoni ya Bianca, farasi wangu wa mwisho, iliyokuwa ikining'inia ukutani kwa Mama Domitilla. Iliubeba mlima miaka kumi na moja. Itaweza kubeba sakafu.

Kama mlio umekwisha, mimi siwezi kuapa. Neno hilo nimewaachia wenye masikio. Mimi sisemi tena Amina.

Secondo Gattiglia

*

Molaretto, 30 Agosti 1912

Bwana Mhandisi,

Barua hii inaondoka pamoja na ya baba, ili usimwamini peke yake, kama anavyotaka mwenyewe.

Kwanza kosa langu. Niliandika daftarini kwamba Amina iliitikiwa, na iliitikiwa kweli, lakini nilijua iliitikiwaje. Niliusikia mlio ule siku ya kwanza. Nilijidanganya kwamba gia zitatulia zikitembea, baba angeendelea na kazi, na pasingekuwa na aliyeumia. Nilijaribu kukuchelewesha, nikakosa ujasiri wa kusema sababu.

Sasa habari njema, na naomba uisome ukiwa umeketi. Umekwisha! Mlio umekwisha kabisa.

Ungemwona alivyolala chini ya gari, fimbo mdomoni, ndevu zimejaa mafuta. Mama Domitilla alitoka jikoni na kijiko cha uji wa mahindi, akamtazama.

"Tersilla," akasema, "mwambie baba yako mbwa wangu anaudai mfupa wake."

Baba aliiona midomo yake ikitembea, akaniuliza anasemaje. Nikamwambia kwa kumtazama usoni.

"Mwambie mbwa angoje," akajibu, bila kuitoa fimbo. "Bado una nyama."

Baada ya kutia sufu tulikwenda kona ya tano. Baba aliendesha, Mama Domitilla, ambaye hajapata kupanda gari maisha yake yote, aliketi mbele kando yake ili awe sikio, amelishika vazi lake kana kwamba anavuka mto. Nikanong'ona nyuma. Nilipomaliza, Amina haikuja. Nikadhani hakusikia.

Kumbe alikuwa amegeuka na kunikodolea macho. "Amina," akasema. "Lakini umeuruka mkate wetu wa kila siku, mwanangu, na mimi ndiye ninayeuoka."

Ni kweli, Bwana Mhandisi. Kwa wasiwasi niliuruka mstari mzima. Naye aliusikia ukikosekana.

Tersilla

*

Torino, 3 Septemba 1912

Bwana Secondo,

Nimekwisha kumwambia Kavaliere. Nilianza na kosa langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeagiza sakafu ishushwe na sikuangalia ingekalia nini. Ukarimu wangu kwa miguu ya bibi ndio uliozaa yule mbwa mwitu. Kisha nikasema lako.

Alizunguka meza, akasema: "Kiziwi anajaribu magari yangu ya kimya. Torino nzima itacheka mpaka Krismasi." Nikamwomba ashuke nami karakanani. Nilimpa fimbo na kumwonyesha injini mbili zinazozunguka. Kavaliere Ostorero, mwenye umri wa miaka sitini, alipiga goti juu ya gunia, akaisogeza sharubu pembeni na kuuma. Alikaa hapo zaidi ya nilivyotarajia. Alipoinuka alisema tu kwamba ya kushoto ina beringi iliyolegea. Ilikuwa nayo.

Uamuzi wake ni huu. Tarehe 14 utaendesha wewe, na yeye ataketi kando yako. Gari likinyamaza, mambo yatazungumzwa. Likilia, wewe utakwenda langoni, na mimi nje ya lango.

Uma kila kitu, Bwana Secondo. Uma hata taa.

Ludovico Peyretti

*

Torino, 20 Septemba 1912

Bwana Secondo mpendwa,

Keshokutwa, katika chakula cha jioni cha karakana, nimeombwa kuhutubia. Nimeiandika hotuba yangu mapema na kukutumia wewe kwanza, ili watu mia mbili watakapokuwa wakinisikiliza, wewe usiketi kati yao ukisoma nyuso. Isome leo, taratibu, ukiwa peke yako. Keshokutwa nitakapofungua mdomo, utakuwa unajua kila neno kabla yao.

"Kavaliere, mabibi na mabwana, wenzangu wa karakana,

Wengi wenu mnajua kwamba Jumamosi ya tarehe 14 gari letu lilivuka mlima. Kilichotokea ndani yake hamkijui, na mimi nilikuwamo, nimebanwa kwenye kiti cha kukunja, magoti yangu yakiwa kidevuni.

Mama yake Bi Ottavia alianza rozari Susa, kwenye daraja. Katika kona ya kwanza binti alimwitikia. Katika ya pili, ya tatu na ya nne alimwitikia, na mimi sikuwa nikipumua. Katika kona ya tano dereva alitia gia ya pili. Nilifumba macho. Nilisikia mawe madogo yakirushwa na matairi, na maji ya mtaro kando ya barabara. Nilisikia pia shanga za rozari zikigusana mikononi mwa yule bibi, na hapo nikaelewa kwamba tumefika. Kisha yeye mwenyewe akanyamaza katikati ya Salamu Maria.

'Ottavia,' akasema, 'unaitikia kivivu. Katika lile gari la zamani sikuwa nikijua.'

Bi Ottavia alitia saini juu ya mlima, akiwa ameliegemea bawa la gurudumu. Magari kumi na mawili yatajengwa. Gia zake zimekwisha kuchomwa. Wako watu walioniita mwenda wazimu kwa haraka hiyo, na walikuwa na haki.

Ninawaambia sasa jambo ambalo mhusika ameniruhusu kulisema. Mtu aliyetuendesha siku ile hakusikia shanga, wala maji, wala lawama za mama kwa binti yake. Hasikii. Kwa muda alituficha, na kuficha kwake kulikaribia kutuangamiza. Mimi niliusikia mlio kwa masikio mawili mazima na kuzihukumu gia zisizo na hatia. Yeye asiyeusikia ndiye aliyekwenda kulala chini na kuuliza unatoka wapi.

Kuanzia kesho, kwa amri ya Kavaliere, hakuna gari litakalotoka katika nyumba hii bila kupita katika meno ya Bwana Secondo Gattiglia. Katika daftari, kando ya safu ya Amina, kutakuwa na safu ya pili, na katika safu hiyo ataandika yeye peke yake. Bi Tersilla ataketi mbele na kuwa sikio. Kipande cha pedi ya shingoni ya farasi Bianca kitabaki chini ya sakafu ya gari la kwanza, na Bi Ottavia amekwisha kuambiwa kwamba hakiuzwi peke yake."

Hapa hotuba inakwisha, Bwana Secondo, lakini neno lako bado. Nimewaomba wote wasipige makofi, bali wazipige meza kwa ngumi, kama vijana walivyozipiga rula siku ile ya barua yako. Meza zile ni ndefu, za mbao ngumu, zimeunganishwa kutoka ukuta hadi ukuta, nimezipima mwenyewe. Utakaa mwishoni, upande wa dirisha. Njoo na fimbo yako. Iweke ncha moja mezani, uiume, na unitazame.

Watakapoanza, utajua. Na wakinyamaza kabisa, ubao ukatulia, uitoe fimbo mdomoni na kusema Amina. Safari hii hakuna jiwe la kuhesabu.

Wako,
Ludovico